Mzee Kilonzo na Maji Yasiyo na Mvua

Wifi yangu Ndinda alikuwa fundi wa kushona nguo pale Matiliku, na kila mwezi wa nane alikuwa na tabia moja iliyowakera watu, mimi nikiwa wa kwanza. Alifunika cherehani yake kwa shuka, akafunga mlango wa duka, akaenda baharini kupumzika. Mimi nilikuwa nauliza, kupumzika kutoka kwa nini, na hana mume wa kumpikia wala mtoto wa kumwosha? Alipelekwa mara ya kwanza na akina mama wa kanisa mwaka wa 1977, kwenye kisiwa kidogo kiitwacho Mtangani, kusini mwa Mombasa. Tangu siku hiyo hakusikia la mtu. Alirudi kila mwaka akiwa mweusi zaidi na mnene kidogo, akichekacheka ovyo mpaka Krismasi.

Mwaka wa 1986 alisema safari hii anakwenda na baba yake. Mzee Kilonzo alikuwa ameshazeeka, na bahari alikuwa hajaiona. Tena hakuwa anaiamini. "Maji mengi hivyo na mvua hakuna," alikuwa akisema, "huo ni uongo wa watu wa Mombasa."

Mume wangu Mulei, kaka mkubwa wa Ndinda, alikasirika mpaka akasimama. Alimwambia dada yake mbele yetu sote: "Mzee akipatwa na jambo huko, usirudi. Usahau kama una nyumba katika boma hili." Na Mulei hakuwa mtu wa kusema kitu kisha akakimeza. Ndinda alikuwa na chumba chake kimoja pale kwa baba yake, na hakuwa na pengine pa kwenda. Halafu mume wangu akanigeukia mimi. "Bilha, wewe utakwenda nao umchunge mzee."

Sasa nitamchungaje? Mimi ni mtu wa Murang'a, niliolewa tu Ukambani, na huku mke wa mwana na baba mkwe huoneana haya. Hamkaribiani, hamgusani, na akipita unampisha ukitazama kando. Niliyajifunza hayo kwa kukaripiwa, na nilipoyashika niliyashika kabisa. Kwa hiyo nilimchunga mzee kwa mbali, kama mbuzi wa jirani.

Tulikaa kwa Bi Mwanasiti, mama mmoja mjane ambaye Ndinda alimzoea miaka yote hiyo. Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri, nakubali. Mzee aliitazama bahari, akaguna, akasema kweli ni nyingi. Lililomshinda ni chai. Maji ya kisima cha kisiwani yana chumvichumvi, na yeye alitema chai ile mara ya kwanza na ya pili. "Binti yangu anakuja huku kila mwaka kunywa mkojo wa punda," akasema. Bi Mwanasiti alicheka mpaka akajifuta machozi.

Lazima niwaambie jambo moja kuhusu mzee na maji. Kwetu mito ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Unachimba katikati ya mto, unangoja, maji matamu yanatoka. Kazi hiyo Mzee Kilonzo aliipenda kuliko kula, na kijembe chake kifupi alikibeba hata huko baharini, tukamcheka. Na mto wetu ukitaka kujaa, unakupa habari: mawingu juu ya milima, kisha mngurumo. Ukisikia, unapanda juu na kukaa. Huvuki. Mwaka wa mafuriko, 1961, mtoto wake Nzioka alivuka mto akifuata ndama. Mzee alisimama ukingoni akimwita arudi, hakuingia, kwa sababu mtu haingii. Mtoto alikwenda na maji. Ndinda alikuwa na miaka kumi, amesimama pembeni ya baba yake. Tangu siku hiyo jina la Nzioka halikutajwa katika boma lile. Mimi mwenyewe niliambiwa na jirani.

Siku ya tatu, asubuhi, bahari ilikuwa imekwenda mbali sana, mchanga umebaki wazi hadi macho yanachoka. Ndinda alikuwa jikoni na Bi Mwanasiti. Mimi nilikaa kivulini nikichambua mchele. Nikamwona mzee anainuka na kijembe chake, anaelekea nyuma ya mikoko. Nikajua anakwenda haja, nikageuza uso kwa heshima, nikaendelea na mchele wangu.

Alipokawia, nilimwita Ndinda. Tulipozunguka ile mikoko tukamwona, mbali, kwenye kilima cha mchanga katikati ya bahari, ameinama anachimba. Anamtafutia binti yake maji matamu ya chai. Na kati yetu na yeye, pale alipopita kwa miguu mikavu, kulikuwa na maji yanaingia polepole, bila sauti, jua linawaka na mbinguni hakuna wingu.

Bi Mwanasiti alikuja nyuma yetu, akashika kichwa. "Leo bamvua," akasema, "maji yatajaa kupita siku zote. Kile kilima kitafunikwa chote." Vyombo vyote vilikuwa vimekwenda kuvua. Hapakuwa na mwanamume hata mmoja ufuoni.

Ndinda akaita, "Nau," yaani baba yangu. "Nau, njoo sasa hivi, maji bado ni ya magoti."

Mzee aliinuka, akayaona maji. Nikamwona anatazama juu kutafuta mvua, halafu anageuka kutazama upande mto unakotoka, na hapakuwa na upande. Kisha akafanya lile alilolijua maisha yake yote. Alipanda juu kabisa ya kile kilima, akakaa chini, kijembe mapajani. "Mto ukijaa mtu hukaa juu," akatujibu. "Yatapungua. Ngojeni."

Tuliita mpaka sauti zikakauka. Mimi nilimtukana, Mungu anisamehe, baba mkwe wangu, nikamwita mzee kichwa ngumu. Hakuinuka. Maji yalikuwa yanapanda na kile kilima kinapungua, na mimi nilikuwa nikimfikiria Mulei nyumbani.

Ndinda aliacha kuita. Akavua viatu. "Hatavuka kwa ajili yake mwenyewe," akaniambia. "Wewe kaa hapa."

Akaingia. Ndinda hajui kuogelea, hakuna mtu wa kwetu anayejua. Aliingia mpaka kiunoni, mpaka kifuani, akafika katikati na kusimama pale, maji yanamsukuma huku na huku. Na hapo hakumwita aje. Alilia tu, "Nau, ninakwenda. Nau, maji yananichukua."

Sikujua kama anadanganya. Mpaka leo sijui kama hata yeye alijua.

Mzee akapaza sauti akimwita arudi. Akapaza tena. Niliogopa kumtazama, lakini nilimtazama, haya zote nikazitupa. Alikuwa amesimama ukingoni mwa kile kilima, mikono imenyooka mbele, hivyo hivyo kama watu walivyonisimulia ya 1961. Kisha akakitupa kijembe, akaingia.

Alikuwa mrefu, na urefu huo ndio uliotuokoa. Alimfikia maji yakiwa shingoni mwa binti yake, akamkamata nguo mgongoni, na Ndinda akamgeuza kuelekea kwetu. Nilikwenda mpaka kifuani nikamshika baba mkwe wangu mkono, nikavuta. Hakuna aliyesema habari ya kuoneana haya siku hiyo. Tulipogeuka nyuma kilima hakikuwepo.

Matiliku tulimkuta Mulei anangoja langoni. Mzee alimwambia kabla hata hajakaa: "Huyu alikuwa anakufa. Nimemtoa mimi."

Mulei akamgeukia dada yake, uso umebadilika. "Basi kisiwa kimekwisha. Huendi tena."

Nikafungua mdomo nimwambie nani alimtoa nani. Ndinda alinikanyaga mguu kwa nguvu, nikaufunga.

"Ataenda," mzee akasema. "Lakini peke yake hapana. Nitakuwa nakwenda naye." Akakaa kwenye kigoda, akavua kofia. "Nzioka nilimwacha. Huyu nimemfikia."

Mulei alitazama chini. Ndinda alikwenda nyuma ya jiko akakaa huko mpaka chakula kikapoa, na mimi sikumfuata.

Mwezi wa nane uliofuata mzee ndiye aliyefunika cherehani kwa shuka. Alikuwa amejinunulia kijembe kingine. Alikitafuta asubuhi nzima boma zima, akinung'unika, na mimi nilikuwa nimeshakifukia chini ya magunia ya mbaazi.