Sahani ya Chuma Haikupasuka

Naikumbuka siku ile kwa sahani iliyopasuka. Ilikuwa asubuhi, pale Kharumwa, miaka ya tisini, wachimbaji wa dhahabu walipokuwa wakimiminika na kila mwenye kibanda akijiita mwenye hoteli. Dada yangu Kabula alikuwa mpishi kwa bwana mmoja, Bosi Lubinza, nami nilimsaidia kuosha vyombo.

Jiko letu halikuwa la kawaida. Lilikuwa la udongo mnene, mfano wa yai kubwa lililosimamishwa, lenye mfuniko mzito. Bosi alilinunua kwa mzungu mpima miamba aliyekuwa akirudi kwao. Mkaa unakaa chini, kuku anakaa juu, na katikati panawekwa sahani nene ya kukinga moto, ili kuku aive kwa joto bila kurambwa na miali. Sahani iliyokuja na jiko ilikuwa ya udongo wa kuchomwa. Ilipopasuka, jirani yetu Mayu Ngolo, mfinyanzi, alitutengenezea nyingine. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na yule bibi alikuwa mama wa mtaa mzima.

Asubuhi hiyo tuliikuta ya Mayu Ngolo nayo imepasuka.

"Mikono ya kuchimbia mihogo hii," Bosi akamwambia dada mbele ya wateja. "Kabula, hata ukipewa jiwe utalivunja."

Watu wakacheka. Dada aliinama akaokota vipande. Alikuwa mtu wa kunyamaza, mwanangu, na watu walimsifu kwa hilo.

Mayu Ngolo alipokuja aligeuza vipande mkononi, akapitisha kidole kwenye doa la mviringo lililoungua katikati.

"Mkaa wa kuku unatandaza joto," akasema. "Hapa mkaa umelundikwa juu ya sahani, ukapulizwa mahali pamoja. Lubinza, unachoma nini humu wapishi wakishaondoka?"

"Nachoma kuku, Mayu. Udongo wako ni mbovu, usitafute mchawi."

Kesho yake akaleta sahani ya chuma cha kusubu, yaani cha kuyeyushwa na kumiminwa, nzito hata dada akaibeba kwa kuikumbatia. "Hii haipasuki," Bosi akasema, "wala haina maneno."

Sisemi chuma ni kibaya. Chuma kinawahi kupata moto, na usipokiangalia kinaunguza kuku upande wa chini. Udongo unachelewa, lakini joto lake ni la pole na linakaa. Tofauti kubwa ni nyingine: udongo ukitendewa vibaya unapasuka, ukaona. Chuma kinapokea kila kitu na kubaki vilevile. Dada alikipenda kwa kuwa matusi yalikoma.

Mvua za mwaka ule hazijaisha, mikono yake ikaanza kutetemeka. Akawa anamwaga chai. Fizi zikatoka damu. Bosi akasema anakunywa gongo, wengine wakasema amerogwa. Kila alfajiri yeye ndiye aliyefunua jiko na kuinamisha uso apulize mkaa. Siku moja alifunua, akakohoa, akaniambia mdomoni anasikia ladha ya shaba. Jioni kifua kilikuwa kimembana. Hakumaliza juma.

Nilirudi jikoni kuchukua kanga yake. Nikaugeuza mfuniko. Ndani yake palikuwa na vishanga vyeupe, ving'aavyo, vinavyokimbiliana na kuungana. Hakuna mtoto wa kule asiyeijua zebaki. Wachimbaji huitumia kukamata dhahabu, kisha huichoma ipae mvuke, dhahabu ibaki. Bosi alikuwa akichomea dhahabu katika jiko letu, juu ya sahani ile, na mfuniko ameufunga ili majirani wasijue biashara yake. Mvuke uliokosa pa kutokea ulimngoja dada.

Bosi alikuja matangani na gunia la mchele. "Kazi ya Mungu haina makosa," akasema. Nilikuwa nimeubeba ule mfuniko kichwani. Niliutua miguuni pake, watu wakaona.

Akautazama, akainua mabega. "Nani hapa Kharumwa hachomi?"

Mzee mmoja akanishika mkono. "Binti, msibani hapagombwi."

"Hapagombwi, na uongo pia hausemwi," Mayu Ngolo akamjibu. "Marehemu alipotukanwa kwa ajili ya sahani, mlicheka. Sahani yangu ilisema. Mkafurahi kuletewa isiyosema."

Mchele ule ulipikwa, ukaliwa. Mimi sikuula. Bosi alihamia Geita, na sikusikia kwamba aliulizwa na mtu yeyote. Hasira yangu haijapoa, na sitakudanganya kwamba nimeomba ipoe.

Mwanangu, wewe unayefungua banda la kuku wa kuchoma na kuuliza uweke sahani ya chuma au ya udongo, weka ya udongo. Ukishindwa, weka chuma, lakini kiwe chuma unachokijua kilikotoka na kilichowahi kuchomwa juu yake. Jiko la chakula lisiguse dhahabu hata mara moja, hata kwa rafiki. Na sahani ikipasuka, usianze na mikono ya mpishi. Uliza kwanza nani aliutumia moto.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyeficha kwetu hakuumbuliwa, alikufa mwingine. Kwa hiyo usikubali kusifiwa kwa kunyamaza. Ukitendewa vibaya, pasuka mapema, pasuka mbele za watu, waone doa lilipo.

Mungu akupe mkaa mkavu na wateja wenye njaa. Akupe jirani wa kukuuliza unachoma nini. Na kila alfajiri utakapofunua jiko lako, kisikungoje humo kitu ila joto.