Dole Gumba Juu ya Ubeti

Jambo zima lilitugharimu shilingi laki tisa na sitini elfu. Nimezihesabu mara mbili kabla ya kuandika, na mara zote mbili zimetoka vilevile; hazikupungua hata kidogo eti kwa kuwa nshastaafu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika benki, pale Mji Mkongwe, nikiwa na viatu vya kuazima na kujiamini kwangu mwenyewe. Viatu vilibana; kujiamini kulikwisha kabla ya saa nne. Bi Zuhura alinitangulia kazini kwa miaka michache tu, lakini tayari alikuwa msimamizi wa chumba cha hazina, yaani chumba cha chuma zinamolala fedha. Alinimwagia mfuko wa sarafu mezani akaniambia nihesabu. Nikahesabu, nikamtajia jumla.

"Hapo umezisalimia tu," akasema. "Sasa zihesabu."

Ndipo nilipofundishwa kuhesabu kwa wawili. Wa kwanza huihesabu sarafu akamsogezea mwenzake kwa dole gumba. Wa pili huigeuza kwa dole gumba lake, akautazama upande wa pili, akathibitisha. Mtu akihesabu peke yake, kwa Bi Zuhura hiyo haikuwa hesabu, yalikuwa maoni.

Baadaye nilihamishiwa tawi dogo la Bububu, chini ya Mkuu wa Tawi aliyepokea hesabu za jioni huku akinywa chai. Ukikosea, aliacha kunywa. Kisha nikapangwa kwenye gari la benki lililokwenda Jambiani kila wiki. Kina mama wakulima wa mwani walileta akiba zao katika vikopo na pembe za kanga, sarafu zina chumvi na mchanga. Mbili zikigandana, unahesabu moja, na jioni hesabu inazidi, hujui umempunja nani. Nikajizoesha kuifuta kila sarafu kwa dole gumba. Bi mmoja akanitania, "Mwanangu, unahesabu au unaogesha?" Nikamjibu kuwa kuogesha ni bure, ashukuru. Tabia ile sikuiacha tena.

Niliporudishwa mjini, Bi Zuhura alikuwa amebakiza miezi kumi na moja astaafu, na faili lake halikuwa na barua ya onyo hata moja. Asubuhi moja likaja sanduku la sarafu za kumbukumbu, zilizopigwa kulienzi shairi la wimbo wa taifa. Upande mmoja nembo, upande wa pili ubeti wa kwanza umezunguka kwa herufi ndogo kama punje za ufuta. Hazikuwa za kununulia mkate. Zilikuwa za wakusanyaji, watu wanaonunua fedha ili wasiitumie. Kila moja ilikaa ndani ya kijaluba cha plastiki kilichofungwa.

Hati ilisema arubaini. Meneja akatutaka tutie saini. Nikamwambia sitii saini kitu ambacho sijakigusa, na Bi Zuhura akaongeza kuwa yeye hathibitishi kisichohesabiwa. Meneja akaenda zake mkutanoni. Sisi tukavifungua vijaluba vyote, kimoja kimoja. Mimi nikafuta, nikasogeza. Yeye akageuza, akathibitisha. Kila akifika kwenye ubeti aliusoma kwa sauti ya chini, mara arubaini, na sidhani kama yupo mtu mwingine aliyewahi kuupa heshima kubwa namna ile akiwa amekaa.

Zikatimia. Chini kabisa ya sanduku tukakuta karatasi, tukaisoma mwisho kwa kuwa karatasi ile haikuwa ya kuhesabiwa. Ilisema sarafu zimeng'arishwa mfano wa kioo, zisiguswe kwa mkono mtupu. Alama ya kidole haitoki, na thamani hushuka.

Meneja aliporudi aliinua moja, akaigeuza huku na huku.

"Bwana Haji, zipo ngapi?"

"Arubaini kamili, bwana."

"Naona kila moja ina vidole viwili."

"Naam. Zimethibitishwa."

Hakucheka. Akasema makao makuu watataka jina moja la kuandikia barua ya onyo, na hasara ilipwe. Yeye alitaka tuzinunue zote. Mimi nikamwambia zimechafuka, hazijapotea, na shairi bado linasomeka. Tukapandishana na kushushana mpaka adhana ya adhuhuri, tukaafikiana ziuzwe kwa punguzo la ishirini na nne elfu kila moja, na punguzo tulibebe sisi. Ama kuhusu jina, nilichukua kalamu niandike langu. Mimi nilikuwa na miaka mbele ya kulisafisha faili. Bi Zuhura akaishika ile kalamu.

"Zimehesabiwa na wangapi?"

"Wawili."

"Basi usinipunguze."

Akaandika jina lake kwanza, mimi nikaandika langu chini yake. Ilikuwa barua yake ya kwanza ya onyo, na ya mwisho. Tukakatwa sitini elfu kwa mwezi kila mmoja, miezi minane. Walimu, na jamaa za mabibi harusi waliotafuta zawadi, walinunua thelathini na tisa. Hawakujali mng'ao wa kioo. Ya arubaini tuliinunua sisi, nusu kwa nusu, ikakaa kwangu kwa sababu paa la kwake lilivuja.

Siku hizi mashine inahesabu, na haikosei. Wala haimtanii mtu. Bi Zuhura alitangulia mbele ya haki mwaka jana. Alama zetu kwenye ile sarafu zinazidi kuiva: yangu juu ya nembo, yake juu ya ubeti, na mistari yake yote inaonekana, hata kovu la kisu cha muhogo.

Wiki iliyopita Salma, binti yake, alinijia nyumbani Mtoni. Baada ya shikamoo na marahaba akasema ameifuata sarafu. Nikamtolea ile nusu ya bei ambayo mama yake aliilipa, akairudisha. Nikaongeza, akairudisha.

"Sitaki pesa, mjomba. Picha zake ninazo. Mkono wake sina."

Maisha yangu yote sijawahi kushindwa kujibu bei. Pale nilishindwa, maana hakutaja bei, na upande ninaoutazama mimi kila asubuhi si ule wenye dole langu.

Atarudi Ijumaa baada ya sala. Nyinyi mnaoingia kazini sasa, na yeyote aliyewahi kugawa kitu kisichokatika, nishaurini: nimpe, au nimwombe aniachie mpaka siku yangu ifike? Nshalihesabu jambo hili mara mbili, lakini peke yangu, na hayo ni maoni tu. Namtafuta wa pili.