Koili Moja Ikifa, Mbili Zisikimbizwe

Mwanangu Nekesa, ipo siku moja haijanitoka akilini, naikumbuka hata kwa harufu yake: varnishi ya waya inayoungua. Nilikuwa kijana, shule nimeiachia darasa la sita, lakini mkono wangu ulishajua kusuka mota, kuzungushia koili zake waya mpya, kuliko wenye vyeti. Sijisifu bure. Waulize watu wa Navakholo mpaka Matungu mota zao za kusagia mahindi amezisuka nani.

Ilikuwa siku ya soko, Matungu. Mwalimu wangu wa kazi, Mzee Rashidi wa Mumias, alikwenda kuswali akaniachia mashine ya kusaga. Kina mama wamepanga debe zao mpaka barabarani. Mara mngurumo ukabadilika. Mota ile ililishwa na nyaya tatu za stima, na mmoja ulikuwa umekatika. Niliusikia, mwanangu, nisikudanganye. Lakini macho ya watu yalikuwa kwangu, nikamwaga mahindi zaidi nisionekane nimeshindwa. Zile mbili zikabeba mzigo wa zote tatu. Kidogo tu, moshi.

"Fundi, leo tunakula obusuma, ugali wa moshi?" mama mmoja akanirushia. Wakacheka, wakajitwika debe zao wakaenda.

Mzee Rashidi aliporudi aligusa mota, akanitazama. "Ilikuwa inalia, wewe ukaijibu kwa mahindi?"

"Sikutaka isimame, Mzee."

"Wee! Anayechechemea habebeshwi gunia. Mpunguzie, atafika."

Akanikalisha pale pale njiani niisuke upya, siku tatu, kila apitaye ananisalimia kwa kukohoa.

Sasa jana umenipigia simu ukilia. Vile visatelaiti vyenu viwili vya chuoni, vinavyotakiwa kuruka pamoja angani, koili zake nilizisuka mimi. Chuo kizima hakikuwa na mkono wa shaba nyembamba vile, wakaja kwangu Kakamega! Koili tatu kwa kila kimoja, zisukumane na sumaku ya dunia zikigeuze bila mafuta. Umesema kwenye jaribio koili moja ilikufa, programu yako ikazikamua mbili zilizobaki, kikazunguka kama pia kikampoteza mwenzake. Jumatatu ndilo jaribio la mwisho, na kikishindwa, kazi yako ya miaka miwili inawekwa kabatini. Wenzako wanataka uniombe koili mpya. Nitakupa, ya nini? Huko juu nani atapanda kukusukia? Hata mimi, na ufundi wangu wote, sifiki.

Kwa hivyo shika haya. Programu yako ikiri kwanza kwamba koili imekufa, isifiche kama nilivyoficha mimi. Kisha idai kwa zile mbili kiasi zinachoweza. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba sumaku ya dunia hubadilisha upande kadiri chombo kinavyoizunguka dunia. Basi kinachokataa kugeuka hapa kitakubali mbele. Kisubiri. Bandu bandu huisha gogo. Na yule mwenzake mzima ndiye amfuate mgonjwa, mgonjwa asimkimbize mzima.

Kuteleza si kuanguka, binti yangu. Futa machozi, kaa chini uandike upya leo, si kesho. Mungu akupe sikio la kusikia chombo kinapolia, na moyo usioona haya kwenda polepole. Na Jumatatu kigeuke mbele yao wote, hata kikichukua asubuhi nzima.