Chupa Ambayo Sidonie Hakuifungua

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024. Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa mbili, kisha jua likatoka kali. Mto Kalimabenge ulishuka mwekundu kwa udongo wa milimani.

Sidonie alichelewa kazini kwa mara ya kwanza mwaka huo, maana njia ya kutoka Songo ilikuwa matope hadi vifundoni. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minne, kazini akiitwa Mama Noella kwa jina la mwanawe, mzaliwa wa Kiringye, binti wa wakulima wa mpunga. Shule aliiachia darasa la tatu. Kwa miaka kumi na tisa aliosha vyombo vya maabara moja ndogo mjini Uvira: maji ya sabuni mara moja, maji safi mara tatu, kisha chupa inainamishwa juu ya kitambaa. Hata nyumbani alisuuza sahani mara tatu, majirani wakamcheka.

Ndani ya beseni alikuta kichupa kisichozidi kidole gumba. Eugène, fundi wa vipimo, ndiye aliyekitia humo.

Kichupa hicho kilikuwa kimengojewa miezi mitano kutoka Ulaya. Kilitakiwa kuwa na protini iitwayo anjiopoyetini-1, ya binadamu lakini iliyotengenezwa maabara. Mwilini hiyo huimarisha mishipa midogo ya damu isivuje, na mtoto akishikwa na malaria kali, protini hiyo hupungua katika damu yake. Eugène aliihitaji kama kipimo cha kulinganishia. Bila hiyo, damu ya watoto sitini na wawili iliyolala kwenye friza isingemwambia kitu. Asubuhi hiyo alikiinua kichupa dirishani, hakuona kitu. Akampigia simu mkuu wake, Marie-Rose, aliyekuwa Bukavu: wametumiwa chupa tupu. Marie-Rose akasema kwa huzuni kwamba basi kazi imekwisha, kwani kwa umeme wa Uvira unaokatika kila mara, damu ile kwenye friza haitangoja chupa nyingine.

Sidonie alishika kisu cha kung'olea vifuniko vya bati. Ncha ilipogusa bati, mkono ukasita. Aliyeosha vyombo kabla yake alifukuzwa kwa kubishana na fundi, na yeye alilijua hilo. Akajifuta mikono, akakipeleka kichupa kwa Eugène.

"Papa Eugène, hii chupa ni weye ulifungula?"

"Nifungule nini, Mama Noella? Haina kitu."

"Kofia yake iko nzima."

"Ehe! Sasa weye ndiye professeur wa protini?"

"Protini sijue. Minye najua chupa. Miaka kumi na tisa, hakuna hata moja tupu iliyonifikia na kofia yake."

"Basi walitufungia hewa ya Ulaya."

"Na hewa ndiyo wakaiandikia makaratasi mbili?"

Eugène alicheka, lakini jicho lake lilifuata kidole cha Sidonie hadi kwenye makaratasi yaliyokunjwa chini ya kikombe chake cha chai. Hakuwa ameyasoma. Aliyafungua, akasoma akiwa amesimama. Mwisho wa ukurasa wa pili akaketi.

"Wanasema unga ni kidogo sana, macho hayauone," alisema polepole. "Unaweza hata kunata kwenye kifuniko. Kwanza izungushwe kwa mashine, ndipo ifunguliwe."

"Kwa hiyo ningeiosha..."

"Ungeosha kazi ya miaka miwili. Na minye ndiye niliyekutuma."

Sidonie aliketi pia. Hakumwambia kwamba kisu kilikuwa kimeshagusa bati.

Saa nne Eugène alikizungusha kichupa, akakifungua, akatia maji kwa kipimo. Saa kumi alasiri vishimo vya sahani ya kupimia vilikuwa vimegeuka njano, kutoka njano nzito hadi njano hafifu, kama inavyotakiwa: protini ilikuwemo. Akampigia Marie-Rose, akasema kosa ni lake na aliyeliona ni Mama Noella. Kwenye daftari alikata kwa mstari mmoja maneno "imefika tupu", akaandika ukweli chini yake, akampa Sidonie kalamu aweke jina kama shahidi. Sidonie aliliandika taratibu, herufi kwa herufi.

Kesho yake asubuhi alifika saa moja kasorobo. Kabla hajamimina maji katika beseni, alipanga chupa zote kumi na moja zilizoletwa kuoshwa juu ya meza ya Eugène, akafunga mikono kifuani, akangoja aziangalie moja moja.