Mwezi Uliopigwa Msasa

Baba alikuwa mchongaji wa vinyago, na hakuna kitu kilichowahi kutoka mkononi mwake bila kupigwa msasa na kupakwa rangi ya viatu mpaka uone meno yako ndani yake. Ningekumbuka hilo mapema, mwezi wangu ningeuagiza kwa mtu mwingine.

Nilikuwa kidato cha tatu huko Kathiani, na shule ilikuwa imenichagua kwenda mashindano ya sayansi ya wilaya, Machakos mjini. Swali langu lilikuwa rahisi: kwa nini mwezi mpevu unang'aa karibu sawasawa mpaka ukingoni, kama sahani, ilhali ni mviringo kama mpira? Ni kwa sababu uso wake umejaa mawe, vumbi na mashimo, na mikwaruzo yote hiyo hurudisha mwanga kule ulikotoka. Tufe laini ukilimulika tochi, linameta doa moja katikati na kufifia pembeni. Basi nilihitaji matufe mawili ya jakaranda, moja laini, jingine limechubukachubuka.

Nilimweleza baba mara tatu. Akaitikia mara tatu. Ijumaa nikafika nyumbani, nikakuta matufe mawili mezani, yote yanameta.

"Baba, hii ya pili si nilisema iwe mbaya?"

"Mwiitu wakwa, binti yangu, watu wa Machakos wakiona hiyo kitu, si watauliza imechongwa na nani?"

Nilipiga kelele hadi mama akatoka jikoni. Mashindano yalikuwa kesho yake, na mtu mzima hasikii! Baba akachukua tezo yake ya kuchongea, akageuza uso upande, akalikatakata lile tufe kama anayemchinja kuku aliyemlea mwenyewe.

Nikashinda. Washindi tukaambiwa tujiandae kwenda ngazi ya mkoa, Embu. Baba alifurahi kupita kiasi, akawatangazia majirani wote. Asubuhi ya safari nikafungua boksi la matufe. Mwezi wangu ulikuwa umepungua kidogo, na ulikuwa unameta.

"Embu kuna watu wakubwa," akasema, msasa bado mkononi. "Si utawaambia tu ilikuwa mbaya?"

Nilichoka. Nikaichukua tezo mwenyewe. Baba akatazama jinsi nilivyoishika, akanirekebisha vidole, kisha akatoka nje asisikie.