Wifi alisoma habari zangu zote, nyumbani akapeleka nusu

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana wifi yangu naye anafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Kongo, nimeolewa na askari polisi, mtu wa kaskazini. Tunakaa kambini hapa Kampala na watoto wetu, wote wasichana. Shule sikufika mbali, mtanisamehe nikiandika ovyo.

Huyu wa mwisho nilimzaa kwa kupasuliwa. Damu ilikataa kusimama. Mume wangu alikuwa kazini mbali, aliyekaa na mimi hospitali ni wifi, dada yake, nesi wa kliniki ya hapa kambini. Ndiye alinishika mkono daktari akisema nikibeba mimba nyingine naweza kuwaacha hawa watoto. Tulilia wote wawili. Mume wangu nilipomwambia alicheka kidogo, akasema madaktari wanapenda kuogopesha wanawake, kwao mtoto wa kiume bado anangojewa.

Basi nikaanza sindano ya kuzuia mimba, kimya kimya. Sisi wanawake wa kambi, dawa ya siri hatuchukui kambini, maana anayekudunga ndiye mnaanika nguo naye kamba moja. Mimi nilikuwa naenda kliniki ya Kansanga, mtaa mwingine hapa Kampala, nasema nakwenda kusalimia Wakongo wenzangu. Kumbe siku hizi kliniki zimeunganishwa kwa kompyuta, ukitibiwa huku wanakuona kule. Waliniuliza kama nakubali, nikasema ndiyo, nikidhani ni kwa siku nitakayoanguka njiani nisiweze kusema.

Mwezi uliopita huyu mtoto wangu wa mwisho alishikwa na homa, nikampeleka kwa wifi. Akaandika jina langu kwenye kompyuta ili apate faili la mtoto, akasoma. Halafu akanipa dawa, akambusu mtoto, akasema, "Pole, mama, mpe maji mengi." Nikamshukuru, jamani. Nilimshukuru.

Jioni mume wangu hakugusa chakula. Akaniuliza huko Kansanga huwa nasalimia nani. Akasema, "Dada yangu ameona kwa macho yake." Sasa anataka niache sindano nibebe mimba, la sivyo nirudi Kongo na wasichana wabaki.

Nilimfuata wifi. Nikamuuliza, hiyo kompyuta iliyokuonyesha sindano haikukuonyesha na ile damu? Hakuniangalia. Akasema, "Niliona yote. Lakini mama yetu anazeeka, wifi. Anataka mjukuu wa kumpa jina la baba." Alisema kwa upole, kama siku ile ameshika mkono wangu. Hapo ndipo aliponimaliza.

Kansanga wameniambia naweza kuomba wafunge habari zangu, mtu wa kambini asizione tena. Au nimlete mume wangu, daktari amfungulie ile sehemu ya damu aisome mwenyewe, yeye anasoma vizuri kuliko mimi. Lakini akisoma hiyo, ataona pia kila safari niliyomdanganya, na hasira zake nazijua.

Sindano yangu inayofuata imekaribia, na siku yake wifi anaijua, ameisoma pale pale. Wazazi wenzangu, na nyie akina baba, mngekuwa mimi mngefunga au mngefungua? Nishaurini mapema. Nataka kuwalea wasichana wangu mwenyewe.