Gari Nililomwinulia Mama

Kwa kazi yangu mimi ni fundi wa meno bandia. Sing'oi meno wala sizibi. Hayo ni ya daktari aliye chumba cha mbele. Mimi nimo chumba cha nyuma, mezani penye taa, plasta na vijipatasi vidogo, nikitengeneza meno ya watu nisiowajua. Jino likizidi kwa unene wa ukucha, mwenyewe hafumbi mdomo. Kwa hiyo napima, nasugua, napima tena. Daktari hunisifu mbele ya wagonjwa, nami huinamisha kichwa na kujifanya sipendi sifa.

Huyo ni mimi wa kazini. Mimi wa nyumbani ni kiumbe kingine. Ukimkuta uani siku ya mapumziko, chali chini ya gari, grisi hadi masikioni, akiitukana nati iliyomshinda, tafadhali usimwambie daktari.

Gari lenyewe ni kuukuu, la kijani, fupi, lina sura ya kabati, aina ile ya kupanda milima na kuvuka mito. Mke wangu analiita Mgonjwa. "Mgonjwa wako kaamkaje?" huniuliza asubuhi, bila hata kugeuza kichwa kutoka kwenye sufuria yake. Kila nikilifungua na kulifunga hubaki nati mbili tatu kwenye kopo. Kazini jino likibaki mezani, kuna mtu analala njaa. Nyumbani nati zikibaki, nasema waliolitengeneza walizidisha.

Lakini lilikuwa linatembea, jamani. Hilo naomba lieleweke tangu mwanzo. Siku ile simu ilipopigwa, gari langu lilikuwa linawaka, linakwenda na linasimama linapotakiwa kusimama.

Simu ilitoka kwa dada, binti wa mama mkubwa, yaani dada yake mama yangu. Wanaishi ng'ambo ya mto, juu, ambako barabara ya lami imeshakata tamaa zamani. Dada alisema macho ya mama yake yanakwenda. Daktari wa macho ameangalia na kusema hakuna dawa. Kilichobaki kinazimika kidogo kidogo.

Mama yangu anakaa nasi. Magoti yake yamechakaa, anatembea akishika kuta, na hajaonana na dada yake kwa miaka. Alisikiliza, akarudisha simu mezani, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na begi.

"Nipeleke," akasema. "Nataka anione angali anaona."

Mtu mwenye akili zake angechukua ufunguo. Mimi nikamwambia, "Mama, barabara ile unaijua. Na ule mto! Ngoja kwanza nilitayarishe gari. Wiki moja tu."

Mama akanitazama, akalirudisha begi chumbani. Hakubishana. Ndiye aliyenifundisha kutembea. Labda alidhani najua ninachokwenda kufanya.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Spana, rafiki yangu anayeuza vipuri vilivyokwisha tumika. Spana hajawahi kumwambia mteja kwamba hahitaji kitu. Alilizunguka gari langu akisikitika, mikono nyuma.

"Bosi, gari la maana namna hii unaliacha linaburuta tumbo chini? Tena unataka kumvusha mama mzazi mtoni? Mama mzazi!"

"Sasa nifanyeje?"

"Liinue! Nina vyuma vya kuinulia springi, nina matairi makubwa, mapya nusu. Na bomba la kuvutia hewa nakuwekea hadi juu ya paa. Maji yakifika dirishani, injini inapumua tu."

Sikumuuliza, maji yakifika dirishani, mama atapumua wapi. Kichwa kilishavimba. Nilikwisha kujiona nimetokeza upande wa pili wa mto, maji yanachuruzika milangoni, watu wamesimama ukingoni wanaulizana, "Ni nani yule?" Nikabeba vyuma, matairi na bomba, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Wiki moja ikazaa ya pili. Springi za zamani ziligoma kutoka. Nikazipiga nyundo, nikazimwagia mafuta, nikazibembeleza, nikazipiga tena. Bolti moja ilikatikia ndani, ikanila siku nzima. Nilipoinua upande wa kushoto, gari likalalia kulia, nikalazimika kuanza upya. Bomba la hewa lilitaka tundu kwenye bodi. Nilipima kwa macho, mimi, ninayepima meno kwa unene wa ukucha, nikatoboa tundu ambalo paka wa jirani angepita na mzigo kichwani. Nikaliziba pembeni kwa plasta ya kazini. Ndiyo, ya meno. Ilishika vizuri sana.

Jioni mama alikuwa akitoka taratibu hadi mlango wa jikoni, anaegemea fremu, ananitazama.

"Limekuwa tayari, mwanangu?"

"Bado kidogo, mama."

"Haya," anasema, anarudi ndani.

Mke wangu hakuwa mpole hivyo. "Hivi wewe, gari lilikuwa linatembea. Ulilifungulia nini?"

"Usalama," nikamjibu kutoka uvunguni.

"Usalama gani? Mama anataka kwenda kwa dada yake, hataki kwenda vitani."

Nikajifanya sisikii. Chini ya gari ni mahali pazuri sana pa kutosikia.

Mwisho likakamilika. Lo! Lilisimama uani refu, limetanua miguu, boneti imenifika kifuani. Nililizunguka mara kadhaa nikijipangusa mikono. Nilipiga picha nikamtumia Spana, naye akanijibu kwa vidole gumba vingi. Usiku huo nililala kama mfalme.

Asubuhi mama alikuwa amejifunga vizuri, begi mkononi, viatu vya safari miguuni. Nikamfungulia mlango kwa mbwembwe. Akasogea, akatazama juu.

Sakafu ya gari ilikuwa inamfika kiunoni.

Akashika mlango, akainua mguu. Mguu ukapanda kidogo, goti likakataa, akaushusha. Akajaribu na wa pili. Nikakimbia kuleta kiti cha jikoni. Akapanda kiti, kiti kikayumba, mke wangu akamdaka. "Ngoja, mama, ngoja!" Nikaingia garini nimvute kutoka juu, mke wangu anamsukuma kutoka chini, mama yuko katikati, anacheka. "Mtanigawana leo!" Sote tukacheka. Nikavuta tena, na hapo goti likalia, nikalisikia kwa masikio yangu. Mama akaacha kucheka.

"Niteremshe."

Tukamteremsha. Akaenda akishika ukuta, akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, begi mapajani. Alikuwa anahema. Kisha akalitazama lile gari toka matairi hadi bomba, akanitazama mimi.

"Hili umemtengenezea nani?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza tu, na uso ulinishuka hadi leo sijui ulikoangukia. Nikaanza kubwabwaja kuhusu ngazi, kwamba nitachomelea ngazi nzuri, ya kukunja, siku mbili tatu tu. Mke wangu akanikata. "Vua shati hilo jeupe, bwana fundi. Rudi chini."

Nikarudi chini. Kutwa nzima nilikuwa nikivunja kwa mikono yangu nilichokijenga kwa mikono yangu, na kila chuma kilichokuwa kimekataa kuingia sasa kilikataa kutoka. Spana alipita kuja kupiga picha na gari. Alipokuta springi za zamani zinarudi, akafungua mdomo.

"Bosi, usiniambie unali..."

"Shika jeki au ondoka," nikamwambia. Akashika jeki.

Matairi ya zamani yalikuwa ukutani, mke wangu ameyawekea beseni la nguo. Akaliondoa. Kufika jioni gari lilikuwa limerudi kimo chake kilekile, ila sasa lina bomba juu ya paa na doa jeupe la plasta shavuni. Nati zilizobaki zilikuwa tano. Safari hii sikulala mpaka nimejua kila moja inakaa wapi.

Kesho yake mama alifungua mlango, akageuza mgongo, akakaa, akaingiza miguu. Basi. Hakuhitaji mtu.

Njia nzima nilikuwa nikiuwaza mto. Niliwaza maji ya kufika dirishani. Tulipofika nikasimama ukingoni nisome maji, maana ndivyo wanavyofanya wenye ujuzi. Nilikuwa bado nasoma pikipiki iliponipita. Dereva alikuwa amempakia mwanamke, na mwanamke amebeba godoro. Wakateremka mtoni na pikipiki yao, wakavuka, wakapanda upande wa pili, na godoro halikupata hata tone.

Nikatia gia. Maji hayakufika katikati ya tairi.

Mama alikuwa anatazama mbele tu, begi mapajani. Ningependa angesema kitu, hata tusi.

Dada alitupokea mlangoni. Akamkumbatia mama, akamshika mkono amwingize ndani, lakini kabla hajavuka kizingiti akaniinamia mimi na kusema chinichini, "Afadhali mmefika. Jicho la kushoto lilizimika wiki iliyopita. La kulia linaona penye mwanga tu, na si sana."

Wiki iliyopita! Wiki iliyopita nilikuwa natoboa tundu. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Mama mkubwa alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, amekuwa mdogo. "Yuko wapi?" akauliza. "Mleteni. Yuko wapi?"

"Niko hapa, dada."

"Sauti naisikia. Wewe sikuoni."

Dada akamshauri mama asogee dirishani. Nje isingewezekana, akatueleza, jua linamchoma macho, anaona weupe mtupu. Mama akasogea akishika ukuta.

"Hapo? Bado. Sogea tena. Umepotea. Rudi, rudi kidogo... Hapo! Hapo hapo, usitoke!"

Mama akasimama hapo hapo. Dirisha la chumba kile liko juu, na mwanga wake ulikuwa unampiga usoni sawasawa. Dada akaleta kiti. Mama akakaa, uso ukaingia kwenye kivuli cha ukuta, mama mkubwa akaanza kupapasa hewani. "Amekwenda wapi tena?" Mama akainuka haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu.

"Nipo, nipo."

"Ah. Nimekuona." Mama mkubwa akatulia. Akamtazama mdogo wake muda mrefu, kichwa kimeinama upande, midomo inacheza. "Umezeeka, wewe."

"Na wewe je, umejiona?"

"Mimi sijioni. Ndiyo raha yake."

Wakacheka wote wawili, cheko moja, sikujua lipi la nani. Lakini nilikuwa naitazama miguu ya mama. Ilikuwa inatetemeka. Nikaenda nikasimama nyuma yake, nikapitisha mikono chini ya makwapa, nikamshika. Akaniachia uzito wake wote bila kugeuka.

"Kaa sasa," mama mkubwa akasema. "Nimeshakuona. Utaumia."

"Bado," mama akasema. "Niangalie tena."